Kemshafti Mbili za Fundi wa Endagikot

Fundi wetu wa Endagikot hashiki spea kabla ya kunawa. Hunawa kwa sabuni hadi viwikoni, kisha hufumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya chuma, midomo ikicheza bila sauti. Landkruza yangu ya injini kubwa ilikuwa imekataliwa mara mbili kwenye kipimo cha moshi, na bila cheti nisingebeba tena wagonjwa wa Balangdalalu. Kemshafti, mhimili unaofungua valvu za injini, ilikuwa imelika. Nikamletea mbili za mtumba kutoka Katesh, nikamwambia nataka ile yenye vinundu virefu, yenye nguvu ya milima.

“Hii inaacha valvu wazi mno,” alisema. “Petroli itatoka haijaungua. Watakurudisha.”

Akaishika ile ya kawaida. Kidole kikasimama katikati, na vinyweleo vya mkono wake vikasimama pia.

“Dada, gari ilimotoka hii lilianguka?”

“Sijui, fundi. Niliikuta sokoni.”

“Yupo aliyebaki humu. Ni mtu mzima kunizidi.” Alinitazama bila kutabasamu. “Lakini ndiyo itakayopita. Nifunge?”

Niliwafikiria wajawazito wanaonisubiri. “Funga.”

Injini ilipowaka, fundi, mzee ambaye sisi sote humwamkia, aliinama juu yake. “Shikamoo, mama,” akasema, akangoja. Mlio ukashuka kidogo, ukatulia. Ndipo akafunga boneti.

Kipimo nilipita. Wagonjwa nawabeba hadi leo, ila redio nimeing’oa. Sitaki kumkatiza yule mama wa injini.