Sahihi ya Mume wa Mbuke

Hebu mtazame kwanza anavyofika. Ni Julai ya mwaka sabini na tano. Lori la pamba limesimama karibu na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, mjini Musoma, na juu kabisa ya magunia amekaa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mkono mmoja umeshika tumbo kama mtu aliyebeba kibuyu kisicho na kifuniko. Utingo anamshusha kwa mikono miwili na kumtania.

"Mama, gunia langu moja linakushinda uzito."

"Gunia lako limeshiba pamba," anamjibu. "Mimi sijashiba tangu masika."

Huyo ndiye Boke, mjane wa Keraryo, kutoka kijiji kimoja nyuma ya Butiama. Msichana anayeshuka nyuma yake, mtoto mgongoni na mimba ya miezi mitano mbele, anaitwa Mbuke. Si binti yake. Ni mke wake.

Kama wewe ni wa huku Mara hukushangaa. Kama ni wa kwingine, nivumilie kidogo. Keraryo alifia mgodini Buhemba akaacha mabinti watatu, wote wakaolewa. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume, ng'ombe zake na shamba lake huishia kwa ndugu wa marehemu. Lakini mwanamke mwenye mifugo yake anaweza kutoa mahari, akaoa msichana, msichana akazaa na mwanamume asiye na dai, na watoto hao wakawa wa nyumba ya aliyemwoa. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Boke alitoa ng'ombe wanane mbele ya wazee, ng'ombe aliowapata kwa jembe lake, pamba na ulezi. Mbuke akazaa mtoto wa kike. Boke akacheka, akasema nyumba hii imewagomea wanaume, tutajaribu tena.

Hata serikali ilimjua. Mwaka wa kuhamishiwa vijijini, karani wa operesheni aliandika kwenye daftari lake: mkuu wa kaya, Boke Keraryo, mke, Mbuke. Alikuna kichwa, ila aliandika.

Sasa tumbo. Lilianza kwa kiungulia, likaja kukataa ugali, kisha likakataa hata uji. Zahanati walimpa vidonge vyeupe vya kutafuna. Mganga alimchanja chale nane juu ya kitovu. Hospitali ya mjini wakamnywesha maji mazito kama chokaa, wakampiga picha. Daktari Renatus, kijana mpole wa Kigera, akamgusa tumbo, akamgusa shingo upande wa kushoto. Akamwita Mbuke waende nje.

"Unampeleka wapi?" Boke akauliza. "Ugonjwa uko hapa kitandani. Niambie mimi."

Renatus akarudi, akavuta kigoda, akakaa. Hilo nalisema kwa heshima yake, maana wengi wangemaliza habari mlangoni.

"Mama, ni kansa. Imeanzia kwenye tumbo la chakula, imeshafika kwenye ini na hapa shingoni."

"Mnaikata?"

"Ingekuwa tumboni peke yake, tungeikata. Tukikata ya tumboni, ya kwenye ini inabaki na kuendelea. Utakuwa umepata kidonda bure."

"Kwa hiyo hakuna kitu."

"Vipo, ila havitaiondoa. Dar es Salaam kuna dawa ya kuingiza kwenye mshipa. Kwa wengine inapunguza uvimbe kwa muda, kwa wengine inawatapisha na kuwamaliza nguvu bila faida. Na dawa yenyewe leo ipo, kesho haipo. Cha pili, chakula chako kinakwama kwa sababu mlango wa tumbo umezibwa. Daktari wa upasuaji anaweza kuuacha uvimbe palepale, akaunganisha tumbo na utumbo kwa pembeni. Chakula kinapita njia ya kando. Ukiamka salama, unaweza kula miezi kadhaa. Cha tatu ni kurudi nyumbani na dawa ya maumivu, na maji yakijaa tumboni tunayatoa kwa sindano."

Boke alifikiri. "Hiyo njia ya kando, nitafika Novemba?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi. Kwa nini Novemba?"

"Mke wangu anajifungua. Mwenye nyumba ndiye anatoaga jina. Nisipokuwepo, shemeji yangu Makongoro, ndugu wa marehemu, atakuja na jina lake, na jina likishaingia, ng'ombe zinalifuata."

Basi umeelewa alichokuwa anadai. Hakuomba kupona. Aliomba miezi minne na mlango wa chakula.

Daktari wa upasuaji alikuwa anatoka Mwanza mara moja kwa mwezi, Alhamisi na Ijumaa, halafu anaondoka. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mbuke akatumwa ofisini na fomu ya kukubali kupasuliwa. Nyuma ya meza alikuwepo karani, Clementi, mtu wa kalamu mbili mfukoni.

"Ndugu, mume wa mgonjwa yuko wapi?"

"Hana mume. Yeye ndiye mume."

"Wa nani?"

"Wangu."

Clementi akaweka kalamu chini. "Ndugu, hapa ni ofisi. Fomu inataka mume au ndugu wa kiume."

Boke mwenyewe akaja, akiegemea ukuta hatua kwa hatua. "Leta wino niweke kidole. Tumbo ni langu."

"Mama, ukifia kwenye kisu, kidole chako nitakiuliza nini? Mimi nataka mtu atakayebaki."

"Atakayebaki ndiye huyu."

"Huyu ni mtoto wa watu."

"Nimemtolea ng'ombe wanane. Wewe wako umemtolea wangapi?"

Akina mama kwenye benchi wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Clementi akaifunga fomu kwenye faili. Renatus akaenda kumsemea. Akajibiwa kwamba utaratibu hakuuandika yeye. Kweli hakuuandika. Lakini hakuna aliyemtuma aukumbatie vile.

Ikabidi Mbuke, na mimba yake na mtoto wake mgongoni, apande basi mpaka Bunda, halafu atembee kwenda Mugeta kwa Makongoro. Alimkuta anaogesha ng'ombe. Makongoro hakukataa. Angekataa, angalau watu wangejua wamlaumu nani. Alimkaribisha, akampa maziwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji yangu ni mtu mzima," akasema. "Kumpasua si jambo la mtu mmoja. Jumapili nitakaa na ukoo."

"Baba, daktari anaondoka Ijumaa."

"Madaktari hawaishi."

Jumanne iliyofuata akaja Musoma, amevaa koti, na wazee watatu. Akatia sahihi kwa mwandiko mzuri sana, akampa Boke pole, akaondoka. Daktari wa Mwanza alikuwa ameondoka siku nne kabla.

Mwezi mzima Boke aliishi kwa maji ya mshipani na vijiko vya uji alivyovitapika. Daktari aliporudi mwezi wa nane, tumbo lilikuwa limejaa maji na macho yamekuwa manjano. Alimpima kwa muda mrefu. Akasema kisu sasa kitamuua siku hiyohiyo. Dar es Salaam hali kadhalika, asingefika. Katika vile vitatu kilibaki cha tatu.

Siku ya kuruhusiwa, Boke alimwita Clementi wodini. Alikuja na kalamu moja tu mfukoni.

"Ile fomu ya shemeji yangu bado ina kazi?"

"Haina tena, mama."

"Nyuma yake kuna nafasi. Andika: mtoto wa Mbuke, akizaliwa wa kiume ni Keraryo, wa kike ni Boke. Mwenye nyumba amesema." Akanyoosha kidole gumba. "Leo naomba usininyime wino."

Clementi aliandika. Akamshikia kidole, Renatus akatia sahihi ya shahidi, na karatasi akapewa Mbuke.

Boke alizikwa katikati ya Septemba. Novemba Mbuke akajifungua mtoto wa kiume, na kabla kitovu hakijakauka Makongoro akafika na wazee wake na jina mfukoni. Mbuke akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi, akaiweka chini mbele yao. Makongoro akaigeuza, akaonyesha sahihi yake.

"Hii ni fomu yangu," akasema. "Kama mimi sikuwa mwenye nyumba, kwa nini hospitali iliniita?"

Wazee wakaichukua karatasi, ikawa inazunguka mkono hadi mkono: upande mmoja mwandiko mzuri uliochelewa siku nne, upande wa pili kidole cha Boke. Wewe ungekuwa mmoja wao pale, ungeusoma upande upi?