Kilo ya Ufuta Kifuani

Jino langu la mbele liling'olewa saa nne asubuhi, kando ya lami, kwa kosa la kubeba ufuta.

Msicheke kwanza.

Mimi Laurenti, miaka sitini na sita, dereva mstaafu wa greda. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa njiti, akaishi siku tatu. Nikasikia kuna madaktari wanatafiti kwa nini watoto huzaliwa kabla ya wakati, na fedha zimewaishia.

Nikatangaza mtandaoni: natembea kwa miguu Kilwa Masoko hadi Lindi, nimefunga kifuani "mtoto" wa uzito wa njiti. Mwenye moyo achangie.

Mtoto mwenyewe alikuwa ufuta, kilo moja. Binti yangu Dativa aliushonea kifuko, akakivisha kofia na soksi.

Fungu kubwa aliahidi Mehboob, mwenye duka Lindi mjini. Na sharti juu.

"Laurenti, nakujua, wewe muongo. Hakuna kupanda chombo, na huyo mtoto asitoke kifuani hata sekunde. Akitoka, sitoi kitu."

Siku ya sita, kijiji kimoja kabla ya Kitomanga (jina nalificha, bado napita kule), nikasikia mwanamke anapiga mayowe.

"Mwanangu kaibiwa! Jamani, mwanangu!"

Na mimi ndiyo napita, soksi mbili zinaning'inia chini ya shati.

"Huyu hapa! Miguu ya mtoto ile!"

Wakanivaa watu kumi na tisa. Wao wanasema walikuwa sita, lakini wao hawakuwa wanapigwa.

Jiwe la kwanza likanipasua sikio. Nikageuka, nikamtia mmoja kichwa cha pua, akakaa chini. Wa pili nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Kisha nikaanguka, nikajikunja juu ya kifuko kama kobe, mateke yakashuka mbavuni.

Kijana wa bodaboda, Amiri, akaja na rungu. Likatua mdomoni.

"Mtoe mtoto, babu! Mtoe kabla sijakupasua!"

"Simtoi!"

Ningesema tu kwamba ni ufuta, nikautoa wauone. Lakini kichwani nilikuwa na Mehboob na sharti lake.

Kisu kikachana shati na kifuko pamoja. Ufuta ukamwagika juu ya damu yangu.

"Ufuta?" Amiri akasema, rungu bado liko juu. "Sasa mtoto yuko wapi?"

Mama wa mtoto akafika anayumba, kanga imelowa damu. Kazija. Alijifungua alfajiri, mimba ya miezi saba, akapitiwa na usingizi. Kuamka, mtoto hayupo.

Mama mkwe wake, Bi Somoe, mkunga wa pale kijijini, akainamisha kichwa.

"Yuko nyuma ya choo, kwenye ungo. Kile hakijakomaa, mwanangu. Nilikiweka kimalizie pumzi. Vya namna ile tunavizika kimyakimya, hatukai matanga."

Kazija hakulia. Aliokota mchi.

Ulikuwa unashuka kwenye utosi wa yule bibi nilipoingiza mkono. Mfupa wangu ukalia kama muwa unaovunjwa.

"Kamtazameni kwanza!" nikapiga kelele.

Wakamleta na ungo wake. Alikuwa wa baridi, nzi wamemzunguka. Halafu mdomo ukacheza. Mara moja.

Shati sikuwa nalo tena. Nikamlaza kwenye kifua kitupu, katikati ya damu na jasho, wakanifunga kanga juu yake. Amiri akawasha pikipiki. Tukapanda mshikaki: yeye mbele, mimi na mtoto katikati, Kazija nyuma.

"Babu, nisamehe. Jino lako ninalo mfukoni."

"Kaa nalo. Endesha!"

Kila kona Kazija ananiuliza sikioni, "Babu, anapumua?"

"Ananikuna," nikamjibu.

Kituo cha afya walimpokea hai.

Nikampigia Mehboob, Amiri anasikiliza kando. Nimeshindwa, nikamwambia: ufuta umemwagika, na pikipiki nimepanda. Nikamsimulia yote.

"Laurenti, leo umezidisha," akasema, akakata simu.

Maisha yangu yote nimedanganya watu wakaniamini. Siku ya kusema kweli, nikanyimwa.

Wiki tatu baadaye Mehboob akanipigia.

"Kuna bibi hapa dukani. Katembea siku tatu, miguu imechanika. Kafunga kilo ya ufuta kifuani."

"Anaitwa nani?"

"Somoe. Anasema amemalizia safari yako, na wewe hukudanganya, mtoto aliwekwa kwenye ungo na yeye mwenyewe."

Kisha akaendelea.

"Laurenti, anasema kabla ya huyu aliweka wanne. Anataka kuwauliza hao madaktari kama nao wangepona."

Mehboob alitoa fungu lote, akaongeza. Mtoto wa Kazija sasa ana kilo mbili na robo.

Bi Somoe bado hajajibiwa, na sijui nani atakuwa na moyo wa kumjibu.

Ndugu zangu, mtoto akizaliwa mdogo, msikae kukisia kama ataishi. Mpeni kifua, mumkimbize kwa wataalamu. Kukisia ndiko kulikowaua wale wanne.