Dole Lililopigwa kwa Jina Langu

Nakumbuka siku ile, mwanangu, mpaka kitenge nilichovaa, maana mtu ukienda kuomba unajipendezesha. Nilikwenda Ruangwa mjini kuomba mkopo. Kaka yangu Bakari alikuwa anauza mikorosho ya marehemu mama kule Mandawa, miti thelathini na miwili, apate pikipiki. Nilimwambia asimuuzie mtu mwingine, aniuzie mimi. Akasema sawa dada, ila nisimpitishe msimu wa kuokota korosho.

Binti wa dirishani aliangalia kompyuta yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, hapa inaonyesha una mkopo Nachingwea, hujalipa. Umeandikwa mdaiwa sugu."

Mimi nilikuwa sijawahi kukopa ofisi yoyote. Nikamwambia umekosea mtu. Akanisomea jina langu, Hadija Selemani, na namba ya kitambulisho changu. Hapo nilishajua ni nani.

Nitamtaja, sina umri wa kumfichia mtu. Alikuwa somo yangu, Hadija Selemani wa Naipingo. Huku kwetu ukiitwa jina moja na mtu, huyo ni somo yako, na somo hanyimwi kitu. Anaingia jikoni kwako, anafunua sufuria bila kuuliza. Miaka mitatu nyuma alikuja akasema kitambulisho chake hakijatoka, nimpe changu akaonyeshe mahali. Nikampa. Sikuuliza mahali gani. Kumbe alikwenda kukopa Nachingwea. Na afisa mikopo wa huko, bwana mmoja Mkwanda, aliiona sura ya kwenye kadi na sura iliyokaa mbele yake, akajaza fomu hivyo hivyo ili atimize hesabu yake ya mwezi.

Nilimfuata Naipingo. Nikamkuta anapepeta ufuta.

"Somo, umeniponza."

"Nimekuponza nini? Mwaka ule mvua ilizidi, ufuta ukaoza, ningelipa na nini? Haya, nenda kanisemee. Utasema mbaya nani? Hadija Selemani. Si unajichafua mwenyewe, mwenzangu?"

Akacheka. Na mimi, mwanangu, nikacheka. Ujinga wangu huo unaniuma kuliko wa kwake. Nikala ugali wake, nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Niliona aibu kumshtaki mtu ninayemwita kwa jina langu. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Bakari akipiga simu namwambia subiri kidogo.

Aliyenizindua ni mjomba wangu, Mzee Likwata, na sisi mjomba akikusema umesemwa.

"Jina mligawana," aliniambia. "Na dole gumba nalo mligawana? Nenda wakakuonyeshe hiyo fomu. Kusoma hujui vizuri, lakini kidole si unacho?"

Mwalimu jirani yangu akaniandikia barua ya kupinga, nikaipeleka Nachingwea. Mkwanda akanizungusha. Leo mkubwa hayupo, kesho mtandao hakuna. Nikakaa kwenye benchi lao siku tatu, mpaka mkubwa wake mwenyewe akauliza huyu mama ana shida gani. Fomu ikaletwa. Nikapiga dole kwenye karatasi nyeupe, wakaliweka kando ya lile la zamani. Hata mimi niliyeishia darasa la nne niliona hayafanani. Wakawaandikia wanaotunza taarifa za wakopaji, na baada ya wiki kadhaa jina langu likasafishwa.

Nikarudi Ruangwa. Binti yule yule akasema, "Mama, sasa unakopesheka." Nikampigia Bakari nikiwa bado dirishani.

"Dada, nimeuza wiki iliyopita. Nilikungoja sana."

Aliningoja, anasema. Na hiyo pikipiki leo iko wapi?

Siku hizi mabibo, matunda ya mkorosho, yakianza kuanguka natafuta sababu ya kupita njia ya Mandawa. Miti ipo, imepaliwa vizuri. Natamani niingie na kikapu kama zamani, mama atangulie na jembe lake begani, anitume nikakusanye majani makavu. Mwenye shamba mpya hana ubaya. Akiniona ananiita, ananipa mabibo kwenye ndoo ndogo. Nakula mabibo ya mama yangu, halafu nasema ahsante.

Sasa sikia, mwanangu. Usingoje siku ya kuomba mkopo ndipo ujue umeandikwaje. Nenda ukaombe taarifa yako ya mikopo ungali huna haja nayo, na kama hujui kusoma akusomee mtu unayemwamini. Ukikuta deni lisilo lako, andika barua siku hiyo hiyo, wakugongee muhuri kwenye nakala yako, uitunze. Wakikuzungusha, kaa kwenye benchi. Kitambulisho usimwazime mtu, awe somo, awe ndugu wa tumbo moja. Na aibu yake usiibebe wewe. Mimi niliibeba miezi miwili tu, na miezi miwili ilitosha.

Mungu akupe mdomo wa kusema mapema. Akuonyeshe ubaya ulioandikwa kwa jina lako ungali mdogo, na alichokiacha mama yako akibakishe mkononi mwako, uwagawie wengine wewe. Amina.