Fundi Vigae na Nyuki wa Machimboni

Shemeji yangu alikuwa fundi vigae, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Pima, kwa sababu ya pima maji yake ya njano, ile yenye kitone cha hewa kinachoogelea katikati ya kioo. Aliibeba kila alikokwenda. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani kwetu kumtaka dada yangu, hakumaliza hata soda. Aliona rafu ya baba imeinama, akaomba bisibisi. Baba alimpenda papo hapo. Mimi nilimvuta dada jikoni nikamwambia, "Huyu atakunyoosha mpaka ulie."

Baadaye niliishi kwao miaka minne, wakati najifunza ushonaji, kwenye chumba kidogo kando ya jiko. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona.

Kazi yake ilikuwa ya magoti. Alitandika sakafu za benki, za zahanati, za majumba ya watu wenye nafasi, akitambaa siku nzima na ndoo ya saruji pembeni, na magoti yake yalikuwa meusi na magumu kama soli. Lakini ukiweka goroli katikati ya sakafu yake, hutaikuta kwingine. Mianya kati ya kigae na kigae aliipanga kwa vijiti vya kiberiti, na akiona mmoja umekosea kwa upana wa ukucha, anang'oa safu nzima. Wenzake walimcheka. Naye alijibu, "Kazi mbovu haina likizo. Inakutazama kila siku."

Nyumba ile ilikuwa ya Wasabato. Ijumaa kabla ya jua kuzama kila kitu kilikuwa tayari: nguo zimepigwa pasi, chakula kimepikwa, viatu vimepangwa nyuma ya mlango kuanzia kikubwa hadi kidogo. Pima aliipenda Sabato kwa moyo wake wote, hilo sitalibisha. Shida ilikuwa Jumamosi alasiri. Tukitoka kanisani, tukishakula, yeye huketi kwenye kiti kinachotazama mlango, Maandiko mapajani, na watoto wawili wanakaa kwenye mkeka mbele yake. Hakuna kukimbia. Hakuna mpira. Hakuna kuchora, hakuna kucheka kwa sauti. Alisinzia jicho moja wazi, na ole wake atakayenyanyuka. Ndivyo alivyolelewa. Baba yake aliamini utakatifu wa mtoto hupimwa kwa ukimya wake, basi naye akapima hivyohivyo. Na wala hakuwa mtu mkali. Jumapili asubuhi alikuwa akiwabeba wanawe mgongoni kama mifuko ya saruji, nyumba nzima inacheka. Lakini Sabato, hapana.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa miaka tisa, tuliyemwita Wakili. Ukimwambia funga mlango, atauliza mlango umekosa nini. Wa pili alikuwa Kitinda, kitindamimba wetu, miaka mitano, mtoto wa maneno machache.

Ijumaa moja nilikuwa napiga pasi jikoni, jua limefika juu ya paa za jirani, nikamwona Kitinda amepanda kwenye kigoda mbele ya dirisha. Ameinua viganja vyote viwili kwenye kioo, anasukuma kuelekea juu, uso umemkunjamana kwa juhudi.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza.

"Nalizuia jua."

"Limekufanya nini?"

"Likizama," akasema bila kugeuka, "baba anakuwa askari."

Niligeuka mimi. Pima alikuwa amesimama mlangoni na brashi ya viatu mkononi. Niliomba awe hajasikia. Alikuwa amesikia. Aliiweka ile brashi juu ya friji, mahali ambapo si pake, akatoka nje.

Jioni ile tulikusanyika kuikaribisha Sabato. Sala za Pima kwa kawaida zilikuwa ndefu mpaka chakula kinakata tamaa. Siku hiyo alipiga magoti, akasema, "Bwana, watoto wangu wanaiogopa siku yako, na kosa ni langu. Nifundishe. Amina."

Wakili akafungua jicho moja. "Imeisha?"

"Imeisha."

Kesho yake, baada ya chakula, kiti kilibaki kitupu. Pima alisimama katikati ya chumba, amevaa suti yake na tai, akasema, "Vaeni raba. Tunatoka."

Dada yangu akamtazama. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kuona kazi ya Mungu."

Nyuma ya kiwanda cha mbao, kupita tangi kubwa la maji na nyumba za mwisho, kulikuwa na machimbo ya mawe yaliyoachwa miaka mingi. Ukuta wa mwamba ulisimama upande mmoja, chini yake kidimbwi, na miti ilikuwa imejiotea kila penye ufa. Huko ndiko alikotupeleka, na safari ile ya kwanza, Mungu anisamehe, ilikuwa balaa. Alitusimamisha juani akaanza kuhubiri habari za uumbaji. Alihubiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma yake ndege mmoja wa buluu alitua, akanywa maji, akaruka, na sisi tulikatazwa kugeuza shingo. Alipofika siku ya nne, Wakili akanyoosha mkono.

"Baba, tumekuja kuviona au kuvisikia?"

Dada yangu alikohoa ili asicheke. Pima akalegeza tai, akaivua, akaitia mfukoni.

"Haya," akasema. "Nendeni. Kila mmoja atafute kitu kimoja, aniletee ushahidi, kwa kuwa hapa kuna wakili."

Ndiyo ikawa desturi. Kila Sabato alasiri tulikwenda, na kila mmoja alileta ushahidi wake: unyoya, ganda la konokono, jiwe lenye mshipa unaong'aa. Kitu kisichobebeka, kama utando wa buibui, tulifuatwa tukapelekwa kukiona. Sheria ilikuwa moja, kwamba hakuna kusema lolote mpaka wote tumetazama vya kutosha. Hapo ndipo Pima alipoanza kubadilika, maana mtu aliyetazama sakafu maisha yake yote alikuwa na jicho kali kuliko sisi wote, ila alikuwa hajawahi kulitoa nje.

Siku moja Kitinda alileta kipande cha sega kilichoanguka kutoka kwenye ufa wa mwamba. Kikavu, kitupu, chepesi kama karatasi. Pima alikipokea kwa mkono mmoja, kisha akaongeza wa pili. Akapiga magoti palepale kwenye changarawe. Akatoa futi mfukoni, akapima kijumba kimoja. Akapima cha pili. Akahesabu kumi kwa mstari, akageuza, akahesabu upande mwingine. Tulimwona anainua kile kipande juani, mwanga ukapita.

"Pembe sita," akasema kwa sauti ya chini. "Kila kimoja. Hakuna pengo. Hakuna kipande kilichokatwa ili kujaza kona." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya. "Shemeji, mimi nina miaka ishirini kwenye vigae. Nina futi, nina uzi, nina pima maji. Hawa wamejenga gizani, wananing'inia kichwa chini. Nani aliwafundisha?"

Hakutuhubiria siku hiyo. Alikaa na lile sega kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike, mpaka dada yangu akamgusa bega kwamba tunachelewa.

Tangu hapo nyuki walimwingia kichwani. Kanisani kulikuwa na mama mmoja aliyefuga nyuki, na Pima alimganda kila baada ya ibada, maswali hayaishi. Mama yule alimwambia jambo moja ambalo baadaye lilituokoa. Alisema nyuki mkali ni yule mwenye nyumba ya kulinda. Wakihama, wanakuwa hawana nyumba wala watoto, na matumbo yamejaa asali ya safari. Wakitua juu yako, usiwapige wala usiwapulizie pumzi. Wewe kwao ni mti tu.

Ilikuwa miezi kadhaa baada ya sega lile. Tulikuwa machimboni kama kawaida. Wakili alikuwa amesimama karibu na kidimbwi, mkono juu, amevuta tawi chini, akimwita mdogo wake aliyekuwa nasi aje kuona kiota. Nikasikia mvumo. Kwanza nilidhani ni mashine ya kiwanda, kisha nikakumbuka leo ni Jumamosi na kiwanda kimefungwa. Hewa juu ya mwamba iliingia giza. Wingu lilikuja linazunguka, linashuka, maelfu kwa maelfu, na sauti yake niliihisi kifuani kabla ya masikioni.

Bumba lile lilitua kwenye tawi alilolishika mtoto. Walianza kama ngumi moja, wakawa kama kichwa, kisha wakafurika. Wakashuka kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiwiko, mpaka begani.

Dada yangu aliinuka kupiga kelele. Pima alimziba mdomo kwa kiganja, taratibu, akamwambia sikioni, "Mshike Kitinda. Rudini nyuma hatua kwa hatua." Kisha akavua viatu vyake, sijui kwa nini, akamwendea binti yake pole pole mno, hata majani hayakulia.

"Mwanangu," akasema, "unanisikia? Usijibu. Funga tu macho nijue."

Wakili akafunga macho.

"Wamechoka. Wanatafuta nyumba. Wamekuona wewe wakadhani ni mti. Basi tuwe mti."

Akaingiza mikono yake miwili chini ya mkono wa mtoto, akaubeba ili usichoke. Nyuki wakavuka. Nikawaona wanapanda vidole vyake, vile vidole vyenye makovu ya saruji, wakafunika viganja, wakafika kwenye mikono ya shati. Baba na binti walisimama hivyo, wameunganishwa na kitu kimoja kinachopumua. Kilikuwa kinapumua kweli. Juu juu ya lile bumba lilipita wimbi, likarudi, kama manyoya ya mnyama aliyelala.

Robo saa ilipita. Nusu saa. Yule mtoto ambaye hajawahi kumaliza dakika mbili bila neno hakutikisa hata kope. Dada yangu midomo ilikuwa inacheza kwa sala. Kitinda alikuwa ametulia mikononi mwa mama yake, macho yamemtoka, lakini si kwa hofu. Mimi naungama: nilikuwa mbali kuliko wote, na nyuki mmoja tu alipopita karibu na sikio langu, nikakimbia nikipunga mtandio. Aliyeumwa siku ile ni mmoja, na ndiye anayewasimulia.

Karibu saa nzima ilipotimia, mvumo ulibadilika, ukapanda juu kidogo, kama kwaya inapopewa sauti mpya. Kisha wote wakaondoka kwa mara moja. Ilikuwa kama shuka kubwa limevutwa kutoka juu yao. Wingu likazunguka mara mbili juu ya maji, likaelekea ukutani, likaanza kumiminika ndani ya ufa wa mwamba, wakiingia mmoja mmoja na wote kwa pamoja, mpaka pakabaki jiwe.

Pima bado alikuwa ameushika mkono wa binti yake hewani. Hakukuwa na alama hata moja.

Wakili akafungua mdomo. Tulimsubiri.

"Baba," akanong'ona, "walikuwa wa moto. Walikuwa na joto kama watu."

Pima akaketi chini kwenye changarawe, akalia, akacheka, akalia tena. Dada yangu aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Jua lilipofika mwisho na ukawa wakati wa kuiaga Sabato, tulimtazama Pima atuongoze katika sala. Alijaribu mara mbili. Mwishowe akaelekeza tu mkono kwenye ule ufa, akasema, "Amina," na sisi tukaitika.

Habari ilienea. Wazee wawili wa kanisa walimwita, wakamuuliza kwa nini familia yake haitulii nyumbani Sabato alasiri. Hakubishana nao. Aliwaomba waje mara moja. Mmoja alikataa. Wa pili alikuja na wajukuu wanne, akakanyaga matope, akapoteza fimbo, na Sabato iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni kwetu. Baada ya mwaka tulikuwa tunatoka familia sita. Machimbo yalipouzwa na kuzungushiwa uzio, Pima alihuzunika wiki nzima, kisha akatafuta mahali pengine, bonde lenye kinamasi nje kidogo ya mji.

Sasa magoti yamemkatalia. Daktari alimkataza vigae, na anafundisha vijana kazi akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anafoka kwa mianya ya upana wa ukucha kama zamani. Wakili amekuwa mwanamke mwenye watoto, na bado hafungi mlango bila maelezo. Mimi nina cherehani zangu tatu na duka.

Sabato iliyopita nilikwenda nao kinamasini. Tulimshika Pima huku na huku mpaka kwenye ukingo wa matete. Hatukuona chochote. Maji, matope, mbu. Watoto walianza kunung'unika. Ndipo kitu fulani kilishtua matete upande wa pili, na ndege weupe wakanyanyuka, si kumi wala mia, walizidi kunyanyuka hata pale tulipodhani wamekwisha, mpaka mbingu ya upande ule ikawa inatembea. Upepo wa mabawa yao ulitufikia usoni.

Mjukuu mdogo akauliza, "Babu, hawa wote walikuwa wamejificha wapi?"

"Mbele yetu," akasema Pima, na akavua kofia.