Mama Aliyeketi Chini ya Dirisha la Tatu

Mwenye kucheka na acheke sasa amalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na sikuwa nimeonja kitu isipokuwa chai ya maziwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nina studio ndogo ya picha Makadara. Siku hizo watu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji, walipenda densi za ukumbini, waltz na tango, wanaume kwa suti na tai, wanawake kwa magauni ya kufagia sakafu. Jumamosi moja alasiri niliitwa kupiga picha za fainali katika ukumbi mmoja wa jamii upande wa Kaloleni.

Ukumbi ule ulikuwa adui wa kamera. Kuta zilipakwa rangi ya kijani kizito inayomeza mwanga, balbu nne za manjano zilining'inia juu kabisa, na madirisha yalikuwa upande mmoja tu. Flashi ilikuwa marufuku, kwa sababu katika mashindano yaliyotangulia ilimpofusha dada mmoja katikati ya tango akaanguka. Basi nikafungua lenzi mpaka mwisho na kupunguza kasi ya kamera. Unajua hapo kinachotokea? Mtu akizunguka, unapata ukungu uliovaa tai.

Nilikuwa nimeharibu nusu ya filamu yangu ya mwisho nikiwakimbiza wachezaji huku na huku, ndipo sauti ya mwanamke ikasema nyuma yangu, "Usiwafuate, kijana. Wangoje."

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, ameketi peke yake chini ya dirisha la tatu, gauni la zambarau, kiganja kimefunika shavu kama mtu anayeumwa na jino. Alinionyesha kwa mdomo mchezaji mmoja mrefu. Huyo nilimfahamu kwa sura, Mutiso, mchonga vinyago, anacheza na Wanjiru, karani wa kutoka mtaa wa Jericho.

"Yule kila akifika pembe hii huvuta pumzi kabla ya kugeuka," akasema. "Hapo husimama kidogo, na jua linampata usoni. Piga hapo."

Nikangoja. Niamini, ilikuwa vile vile. Mutiso alifika, kifua kikajaa, akatulia kama anayekumbuka kitu, na mimi nikabonyeza. Akazunguka tena, nikapata tena. Mara nne alipita hatua mbili tu kutoka kwa yule mama, na hakumtupia jicho hata mara moja. Sikushangaa. Mchezaji mzuri hatazami watazamaji.

Nilipohesabu, filamu ilikuwa imebaki picha moja.

"Sasa nipige na mimi," akasema yule mama. Akateremsha kiganja. Chini ya jicho la kulia palikuwa na kovu la moto, jembamba, limejikunja kama mwezi mchanga.

Kwa mazoea nilimsogezea usoni kile kidude cha kupimia mwanga. Sindano ikaanguka sifuri. Jua lilikuwa limemlalia begani, nililiona kwa macho yangu, lakini sindano ilisema niko ndani ya giza. Nikaigonga kwa kidole. Sifuri. Nikaielekeza ukutani, ikapanda. Nikairudisha kwake, ikaanguka.

Ningefanya nini? Nikaona kidude kimeharibika, na nikapata kisingizio.

"Hapa mwanga hautoshi, mama. Na imebaki moja, ni ya washindi. Njoo studio wiki ijayo."

"Wiki ijayo sitaweza," akasema. Hakukasirika. Aliniangalia tu kwa upole, akarudisha kiganja shavuni. "Haidhuru. Umefanya kazi nzuri."

Majina yakatangazwa, Mutiso na Wanjiru wakashinda, nikaenda mbele kupiga ile picha moja. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Jumanne Mutiso alikuja kuchukua picha. Alizitazama taratibu, akafika ile ya pembeni, kifua kimejaa. Akainua macho.

"Ndugu yangu, ulijuaje kungoja hapa?"

"Kuna mama alinielekeza. Alisema wewe huvuta pumzi kabla ya kugeuka."

Mutiso akaketi. "Kwa hilo alikuwa akinitania mtu mmoja tu. Mke wangu, Syombua. Ndiye niliyekuwa nikicheza naye. Tulimzika mwaka juzi, na tangu hapo sikucheza mpaka Wanjiru aliponishawishi."

Nikamweleza gauni, kiganja, dirisha. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa.

"Ulimpiga?"

Nikasema hapana. Nikasema na sababu, kidude, filamu, washindi. Sijawahi kujisikia mjinga namna ile.

"Sina picha yake hata moja," akasema. "Aliona haya kwa ajili ya kovu. Kila akiona kamera aliinama au alitoka nje. Na wanawake wetu hawapewi vitambulisho, hata picha ile ya serikali sina." Akasema kwa sauti ndogo, "Uso wake umeanza kunipotea. Kuchonga ni kazi yangu, nimejaribu kumchonga, nikishika patasi sikumbuki. Kovu lilikuwa shavu gani?"

"La kulia," nikasema. "Chini ya jicho. Limejikunja."

Akafumba macho. "La kulia," akarudia, machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. "Endelea. Niambie yote uliyoyaona."

Nikafunga mlango wa studio, nikamwambia mpaka jua likazama.

Nimekuwa mzee sasa. Kile kidude hakikuharibika, nimekitumia miaka mingi na hakikunidanganya tena. Sijui kama filamu ingemshika. Huenda ningepata kiti kitupu. Hilo ndilo linaloniamsha, kwamba sitajua kamwe, na Mutiso alikwenda kaburini bila kujua.

Kwa hiyo nawe unayenisikiliza, una mtu nyumbani anayekimbia kamera? Siku akigeuka mwenyewe akakuambia, "Nipige picha," usimpimie mwanga.