Upande wa Kushoto wa Mke wa Mkuu

Wasusi wengine mtaani walivuta nywele mpaka macho ya mteja yakapanda kwenye paji la uso. Mama Vidole alisuka huku mteja anasinzia. Kilichokosa usingizi ni mdomo wa msusi mwenyewe tu. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kioo chenye ufa, na benchi ambalo siku hizi lilikaliwa na akina mama wanne wasiotaka kusukwa.

Hao walikuwa wenzake wa msiba. Watoto wao wote waliuawa na polisi, na wote, kwa maelezo ya kituo, kwa bahati mbaya. Mtoto wa Mama Vidole alitoka kununua betri za redio, risasi ikamwingia mgongoni. Kituo kikasema risasi ilipotea njia. Maskini risasi, haikuwa na mwenyeji! Mpaka leo mwili wake, kama ile ya watoto wa wenzake, ulikuwa mochwari, hauruhusiwi kuzikwa, kwa kuwa uchunguzi unaendelea. Na uchunguzi wa polisi, jamani, una afya njema kuliko sisi sote.

Akina mama waliomba kibali cha kukutana, wakaambiwa mkutano wao unahatarisha amani. Ndipo wakahamia kwa Mama Vidole. Hakuna sheria inayomkataza mwanamke kusubiri zamu saluni.

Siku moja akaingia mke wa mkuu wa kituo. Kesho yake mumewe alikuwa anavishwa nishani ya ujirani mwema na raia, na mke ilibidi apendeze. Mama Vidole akamkalisha, akachana, akasuka upande wa kulia, mistari myembamba ya kuringia. Kisha akaweka kitana chini.

"Haya mama, mimi nimeishia hapo."

"Umeishia wapi? Na huku kushoto?"

"Huko nasubiri uchunguzi ukamilike."

Mke wa mkuu akacheka, akaona anacheka peke yake. "Shoga, usinitanie. Kesho nina shughuli."

"Na mimi ninayo. Nataka kumzika mwanangu. Nirudishieni, nakumalizia."

Yule mama akazunguka saluni zote za mtaa. Kote aliambiwa vidole vinauma. Maradhi ya ghafla yalikuwa yamemtangulia kila mlango. Mumewe akamwamuru afumue. Akamjibu aanze yeye kufumua uchunguzi wake.

Mkuu akafungua vitabu vya sheria. Kwa kijana aliyepigwa risasi ya mgongo hakuwahi kuona kosa. Kwa nusu kichwa aliyaona matatu kabla ya chakula cha mchana: hujuma, uchochezi, na kumdhalilisha ofisa kupitia kichwa cha mkewe. Akatuma askari wawili. Mama Vidole akawanyooshea mikono wamfunge pingu.

"Nipelekeni. Ila mkifika mahakamani, mtaje na sababu ya mimi kugoma."

Askari wakatazamana, wakaondoka kama waliokosea nyumba.

Kesho yake mke wa mkuu alikaa jukwaani bila kitambaa kichwani, kulia malkia, kushoto kichaka. Mgeni rasmi akashindwa kuvumilia, akamuuliza kulikoni.

"Muulize mume wangu," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu. "Simaliziwi mpaka atoe mwili wa mtoto wa msusi."

Mwili ukatoka jioni ile ile. Uchunguzi, kumbe, ulikuwa na miguu.

Wakamzika. Mama Vidole alilia mpaka sauti ikamkauka, na hapo utani wote ulimwisha. Alikuwa amemwosha mtoto yule akiwa kichanga, na sasa alimwona ana tundu mgongoni.

Baada ya matanga mke wa mkuu akarudi, akakaa kitini. Mama Vidole akatimiza ahadi yake, akasuka upande wa kushoto kwa mkono uleule mwepesi. Akaweka kitana.

"Mbona hizi umeziacha?" mteja akauliza, akishika mafungu manne ya nywele yaliyosimama ovyo.

"Hizo si zangu, mama. Hilo la muuza mkaa. Hilo la mwalimu. Hilo la dobi. Na la nyuma ni la yule bibi pale, aliyeachiwa wajukuu."

Mke wa mkuu akageuka akalitazama benchi, sura moja baada ya nyingine.

"Nipeni simu yangu, nimpigie mume wangu," akasema.