Faili Niliyomfungia Bibi

Kosa langu la kwanza katika kuandika programu halikuwa la hesabu. Niliiamuru programu ifunge kila faili mara tu inapokwisha kurekodiwa, ili watu waisikilize lakini asiwepo wa kuigusa. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Programu hiyo niliiandika kwa ajili ya kwaya ya kanisa letu huku Mkonze, ambako bibi yangu, mzaa mama, ndiye mwanzishaji wa nyimbo za Kigogo. Waimbaji hurekodi kwenye kompyuta ya chumba cha kwaya, kisha kila mmoja huchukua wimbo kwa simu yake na kwenda kujifunzia nyumbani. Sikusomea kompyuta chuoni. Nilijifundisha kwa video na kwa kukosea, na mpaka leo naogopa kwamba mtu aliyesoma atafungua kazi yangu acheke.

Hofu ilizidi pale watu wa besi walipobonyeza pasipotakiwa wakarekodi vicheko vyao juu ya wimbo, na wimbo ukapotea. Wao waliona ni kichekesho. Mimi sikucheka. Katika kutafuta dawa nikajifunza kwamba kila faili ina ruhusa zake: nani aisome, nani aiandike upya. Ruhusa hizo huwekwa kwa mwenye faili, kwa kundi lake, na kwa watu wengine wote. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba programu yenyewe inaweza kuzibadilisha, bila mtu kukaa mbele ya kompyuta. Mstari mmoja unatosha. Wangu uliondoa ruhusa ya kuandika kwa wote, hata kwangu mwenyewe.

Kisha nikausafisha wimbo wa bibi kwa subira ambayo sijawahi kuitumia kwa kitu kingine. Nilitoa jogoo wa jirani, nikatoa kikohozi, nikapunguza pumzi, ikabaki sauti yake peke yake. Nikaurudisha kwenye programu, ikaufunga.

Sasa, wimbo ule huanza kwa bibi kuwasalimu wenyeji wa mahali kwaya ilipoalikwa, na kwaya humwitikia kwa kulitaja jina la mahali hapo. Tuliurekodi tukijiandaa kwenda Mpwapwa. Mwaliko uliofuata ulitoka Mvumi. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya safari, bibi alikuja kurekodi salamu mpya. Waimbaji wanaokaa mbali walikuwa wapitie jioni ile kuchukua wimbo, na bila salamu mpya wangeamka kesho yake kuwasalimu watu wa Mpwapwa mbele ya watu wa Mvumi. Bibi aliimba akiwa amesimama, kitenge begani. Alipomaliza, kompyuta ikaandika kwamba hairuhusiwi kuandika upya faili ile.

Mwalimu wa kwaya akaniita kutoka nje. Nikamwamkia bibi, akaitikia marahaba, kisha akanitania kama kawaida yake:

"Mume wangu, umenifungia sauti yangu?"

Kina mama wa sauti ya pili wakacheka. Nikaanza kueleza habari za usalama wa faili. Nikasema wimbo ule ulikuwa umeshakamilika, nikawasikilizisha jinsi ulivyo safi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Nikawa nangoja sifa.

"Mzuri," akasema. "Jogoo yuko wapi?"

"Nimemtoa, bibi."

"Haya. Itoe na Mpwapwa."

Nikapendekeza kuifungua faili kwa mkono, arekodi, halafu niifunge tena. Mwalimu akauliza kama nitakuwepo kila watakapoalikwa. Mama mmoja akasema basi niwafunge na midomo kabisa, ufunguo nikae nao mimi. Nilimtazama bibi: alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anairudia salamu ya Mvumi kwa sauti ya chini, anabadilisha neno hapa, anavuta sauti pale. Kila alipoirudia ilikuwa tofauti kidogo, na kila mara ilikuwa sahihi. Kile nilichokilinda mimi kilikuwa siku moja tu ya wimbo wake.

Nikakaa kwenye kompyuta nikaubadilisha mstari wangu. Mwenye faili aandike, kundi la kwaya liandike, wengine wasikilize tu. Nikaongeza kwamba kabla ya kuandika upya, programu iweke nakala ya wimbo wa zamani pembeni, maana watu wa besi bado nawafahamu. Nililijaribu badiliko hilo kwenye faili ya mazoezi, nikalijaribu tena, mpaka bibi akauliza kama safari ya Mvumi ni ya kesho au ya mwakani. Ndipo nikaifungua faili ya wimbo wake kwa mstari huo, nikamwachia nafasi. Akaimba, na faili ikapokea. Wanaokaa mbali wakapita, wakachukua wimbo, wakaondoka wakiuimba.

Huko Mvumi kwaya nzima ilimwitikia bibi kwa pamoja, ikilitaja jina la Mvumi. Bibi aliongeza pale pale shukrani kwa waliotupikia, maneno yasiyokuwemo kwenye faili yoyote, na mimi niliyekuwa nyuma na simu nikirekodi sikuona kasoro.

Siku hizi programu yangu huwaachia wanakwaya ruhusa ya kuandika upya nyimbo zao, nami sisafishi wimbo wa mtu mpaka mwenyewe aniombe.